Rosaline Wakiuru na Mboga Zilizowalisha Waliokimbia Mlima

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mlioko Kitale, mlioko Bungoma, mlioko jikoni mkingoja chai ichemke, asanteni kwa kutufungulia redio. Mimi ni Kemboi. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kwanza. Kwanza ile ya Trans-Nzoia, kwenye soko la mahindi. Jina lake Rosaline Wakiuru. Jumamosi iliyopita tulimzika.

Huenda hujawahi kulisikia jina hilo. Lakini kama umewahi kununua pakiti ya managu makavu, yaani mnavu, pale Kanduyi, au sageti kavu, ile mboga ya mgagani, kule Lwakhakha mpakani mwa Uganda, basi kazi ya mikono yake imefika kwenye sahani yako. Wiki hii nimekaa na familia yake. Nimesimulia maisha ya watu wengi hapa, lakini ya mama huyu yamenishangaza, na bado nashangaa hata nikiwa nimekaa mbele ya maikrofoni.

Wazazi wa Rosaline walitoka Murang'a wakanunua shamba Trans-Nzoia. Akalelewa hapo, akaolewa hapo, na kijana aliyeitwa Ndirangu. Ndirangu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alikuwa na lori. Wakati huo pesa haikuwa shida sana, na mboga walinunua sokoni kama watu wengine wote.

Kisha likatokea jambo. Lori la Ndirangu lilipinduka karibu na Kanduyi, likiwa limejaa magunia. Nyonga yake ikavunjika. Akalazwa Bungoma muda mrefu. Lori halikurudi barabarani, na Ndirangu hakushika usukani tena. Rosaline akabaki na watoto wawili, Muigai na Wahu, na mume kitandani.

Ilikuwa Februari, wasikilizaji. Mnajua Februari yetu. Jua kali, vumbi, na sokoni kashada kadogo ka sukuma kanauzwa kama nyama. Siku moja Rosaline ameketi wodini na mumewe. Kwenye kitanda cha jirani kuna mama mwingine anamlisha dada yake. Rosaline akatupa jicho kwenye bakuli. Akaona kunde. Mboga ya majani, tele, Februari.

Akamuuliza, "Mama, samahani. Hii mboga umeitoa wapi na jua hili?"

Mama yule akacheka. "Hii ni ya mwaka jana."

Huyo mama anaitwa Naliaka, wa hapo Kanduyi. Yuko hai, na nimeongea naye kwa simu. Alimpakulia Rosaline kidogo kwenye kifuniko cha bakuli. Rosaline akaonja. Naliaka anasema, "Aliniambia, 'Mama, sisi kule Kwanza mboga za Juni tunalisha ng'ombe. Zingine zinaoza. Alafu Februari tunanunua.' Akasema hivyo mara mbili, kama mtu amegundua mwizi ndani ya nyumba yake."

Hapo ndipo yote yalipoanzia, kwenye wodi ya hospitali, kwa bakuli la kunde.

Mvua zilipokuja, Rosaline akapanda mboga kila mahali palipokuwa na udongo. Akachuma, akaanika juani juu ya mabati, akajaza gunia, akafunga. Baada ya wiki kadhaa akafungua gunia. Mzee Ndirangu anakumbuka harufu. Mboga zilikuwa zimeota ukungu, nyeupe kama pamba. Gunia zima likamwagwa shimoni. Ndirangu, aliyekuwa anatembelea magongo, alisimama pale akamwambia, "Wakiuru, leo umelisha shimo." Anakiri kwamba alicheka. Rosaline hakucheka. Kesho yake alipanda gari kwenda Kanduyi.

Naliaka akamwambia, "Wewe mama Muigai uko na haraka. Jua kali inachoma majani. Mboga inatakanga kivuli na upepo. Na uikaushe mpaka ukiishika inalia kama karatasi. Kama haijalia, usifunge."

Basi akajifunza. Kuosha. Kutumbukiza kwa muda mfupi tu kwenye maji yanayochemka, yenye chumvi. Kutandaza kivulini, juu ya chekecheke, na kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Kugeuza. Kungoja. Kufunga kwenye mtungi au debe lisiloingiza hewa. Mwaka uliofuata mboga zililia kama karatasi. Na Ndirangu, yule aliyecheka, ndiye aliyemtengenezea kichanja cha kukaushia. Akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu kusimama kulimchosha, aligonga mbao na kufunika kwa nailoni, rafu juu ya rafu. "Nilikuwa na deni la kicheko," anasema.

Kuanzia hapo nyumba hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mara moja kwa mwezi, Rosaline alikwenda Kitale kununua vitu vya nyumba. Chumvi, mafuta, sukari, majani ya chai, sabuni. Hayo tu. Mengine yalitoka stoo: mboga, maharagwe yaliyochanganywa na majivu, nyanya zilizokatwa vipande zikakaushwa, vitunguu vilivyosukwa kama nywele.

Muigai, mtoto wake wa kwanza, sasa ni mwalimu. Aliniambia, "Kwenda naye Kitale ilikuwa mtihani. Ukiona kitu dukani unakitaka, hakukataa. Alikuambia, 'Sawa. Toka, uzunguke soko lote. Ukirudi kama bado unakitaka, tutanunua.' Siku moja nikazunguka, nikarudi, nikasema bado nataka biskuti. Si akanunua! Nilishtuka mpaka nikasahau kuzila njiani."

Wahu, dada yake, akaingilia, "Mimi sikurudi hata mara moja. Nilikuwa naona vitu vingine huko sokoni, nachanganyikiwa."

Tulicheka sana siku hiyo ya kilio. Rosaline alikuwa mama wa hesabu. Alijua kilichomo stoo bila kuingia. Ukimuuliza maharagwe yatatosha mpaka lini, angekujibu huku anapepeta mahindi. Shikeni jambo hilo, wasikilizaji, ili mwelewe linalofuata.

Ukaja ule mwaka wa mvua kubwa. Mvua haikujua mchana wala usiku. Mboga zikaoza shambani kwa kila mtu. Na alfajiri moja, huko juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kipande cha mlima kikaachia. Kikashuka na nyumba, na migomba, na ng'ombe, na watu.

Waliopona wakatembea wakishuka. Wazee, watoto, akina mama wajawazito, miguu wazi kwenye tope. Wakafika kanisani Kwanza wakiwa hawana kitu. Daraja la upande wa Kitale lilikuwa limesombwa, na malori ya msaada yakasimama ng'ambo. Majirani wa Kwanza walileta unga. Ugali ukapikwa. Lakini wa kula na nini? Shambani hakuna jani. Sokoni hakuna jani.

Rosaline alikwenda kanisani asubuhi hiyo, akatazama, akarudi nyumbani. Akafungua stoo. Akaanza kutoa madebe.

Mzee Ndirangu ananisimulia hivi. Alimfuata na magongo yake, akamwambia, "Mama Muigai, hicho ni chakula chetu cha kiangazi. Ukitoa yote, watoto watakula nini Januari?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe?"

"Sijui, Baba Muigai. Shika hili debe upande ule."

Ndirangu alinitazama, akatikisa kichwa. "Miaka yote nimeishi na huyu mwanamke, sijawahi kumsikia akisema hajui kilichobaki ndani ya nyumba. Nikashika debe. Ningefanya nini, bana?"

Wasikilizaji, fikirini. Mama ambaye alikuzungusha soko zima kabla hujapata biskuti. Mama huyo alitoa karibu kila kitu. Madebe, mitungi, vitunguu vilivyosukwa. Stoo ikabaki na maharagwe peke yake na panya mmoja aliyeshangaa.

Kanisani, kabla ya kuweka sufuria motoni, aliwaita akina mama wa mlimani akawauliza, "Kwenu sageti mnaipikaje?" Wakamwambia na maziwa. Akatuma maziwa yatafutwe kwa majirani. Akapika vile walivyosema.

Pembeni ya kanisa alikuwa amekaa mwanamke kijana anayeitwa Jepchumba. Alikuwa na mtoto mchanga mapajani, wa siku chache tu. Mume wake, Kimeli, alirudi kufungua ng'ombe, na mlima ukamchukua. Jepchumba hakuwa anakula. Hakuwa anaongea. Maziwa yake yalikuwa yamekauka, na mtoto alikuwa ameacha kulia kwa sababu ya kuchoka. Akina mama walikuwa wamejaribu. Wengine walikuwa wameanza kumtazama mtoto kwa namna ile ya kumuaga, mnajua.

Nimempa Jepchumba nafasi asimulie mwenyewe. "Alikuja akakaa chini, kwa simiti. Hakunipatia pole. Alisema, 'Sitaki umalize. Onja tu, uniambie kama nimeharibu.' Nikaonja kwa sababu ya heshima. Ikawa ni ile ya mama yangu. Ile ya nyumbani kabisa. Nikashangaa, huyu ni Mkikuyu, amejulia wapi? Hapo ndio nililia. Nilikuwa sijalia tangu mlima ushuke. Nikalia nikikula, nikikula nikilia. Akaniambia, 'Haijaharibika?' Nikasema, 'Hapana, Mama.' Akaenda akaleta ingine."

Alikuja asubuhi na jioni, kila siku, na bakuli. Mboga, maziwa, karanga zilizosagwa. Na siku moja mtoto akanyonya, akashiba, akalala usingizi wa kweli. Kanisa zima likajua. Jepchumba anasema wazee waliinuka wakaanza kuimba bila kuambiwa.

Mtoto yule anaitwa Chepkorir, maana alizaliwa karibu na kupambazuka. Yuko sekondari sasa. Nilimwona mazishini, msichana mrefu, amebeba maji ya wageni. Nilimtazama akipita. Yaani mtu kamili, mwenye kicheko na kiatu cha shule, kwa sababu mama fulani alikausha majani kivulini.

Daraja lilitengenezwa kwa muda, msaada ukavuka, watu wakahamishiwa mahali pengine. Januari ikafika, na nyumba ya Rosaline haikuwa na mboga. Hakwenda kukopa. Hakwenda kwa mtu kumkumbusha wema. Muigai anasema, "Tulikula ugali na maharagwe, kesho maharagwe na mahindi. Mpaka leo nikiona maharagwe moyo unashuka. Mum hakutuhubiria hata siku moja. Alisema tu, 'Maharagwe tayari, njooni.'"

Jepchumba hakuhama na wenzake. Alibaki Kwanza, akapewa chumba kwenye boma la Rosaline. Mvua zilipoanza, wawili hao wakashika jembe pamoja. Akina mama wengine wa mlimani wakaja kuuliza. Wakaja wenyeji wa Kwanza, majirani ambao zamani walimwona Rosaline kama bahili. Boma likajaa vichanja. Wakaunda kikundi. Baadaye wakaitwa Bungoma kufundisha, wakaitwa Kanduyi, na pakiti zao zikaanza kuvuka mpaka pale Lwakhakha.

Siku alipofundisha Kanduyi, Rosaline alimsimamisha Naliaka mbele ya watu wote akasema, "Mwalimu ni huyu." Naliaka aliniambia, "Mimi nilimwonyesha tu vile mama yangu alinionyesha. Sikujua hiyo kitu itatembea hivi. Nikiangalia wale watu wote, nikaogopa."

Nami nikamwambia, mama, hata mimi naogopa. Woga mzuri.

Mwaka huu moyo wa Rosaline ulianza kuchoka. Daktari akamkataza kuinama shambani. Wiki ya mwisho alimwambia Wahu amsogeze dirishani aone bustani. Wahu anasema, "Alitazama magugu, akaniambia, 'Kumbe shamba linaweza kuwa chafu hivi na watu bado wanakula.' Akacheka." Jumanne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, Rosaline Wakiuru alituacha. Alikuwa nyumbani kwake Kwanza, na Jepchumba alikuwa amemshika mkono.

Nilimuuliza Mzee Ndirangu anaendeleaje. Alikuwa amekaa nje, magongo yamelala kando. Akasema, "Juzi nilichuma managu. Nikaosha, nikaanika, vile alikuwa anafanya. Nimeyashika, yanalia kidogo, hayalii sana. Sijui kama nifunge ama ningoje. Nilimuita. Nikaita kabisa, 'Mama Muigai!' Alafu nikakumbuka."

Wasikilizaji wapendwa, nilivuta kiti nikakaa kando ya mzee.

Kwa Mzee Ndirangu, pole sana. Kwa Muigai, kwa Wahu, poleni. Kwa Jepchumba na binti yake Chepkorir, kwa Mama Naliaka kule Kanduyi, na kwa akina mama wote wa kikundi, tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze Rosaline mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi moja. Mvua bado zipo. Huenda sasa hivi nyuma ya nyumba yako kuna mboga zinazoelekea kuoza. Kabla hujazitupia ng'ombe, tulia kidogo ufikirie. Kuna mtu ambaye hujamjua bado, labda hata hajazaliwa, na hujui ni siku gani atafika mlangoni kwako akiwa na njaa. Rosaline pia hakujua. Lakini siku walipofika, chakula kilikuwepo.

Mzee Ndirangu, kama umefungua redio, nimepiga simu Kanduyi kuuliza. Mama Naliaka anasema ungoje siku moja zaidi, ndipo ufunge.