Wivu wa Mwalimu Ruphin Cirhuza juu ya Mwanzo wa Uhai

Mwalimu Ruphin Cirhuza alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne wa Mzee Mugisho.

Alisoma Walungu, kisha Bukavu, alikopata diploma ya ualimu wa biolojia mwaka 1992. Alifundisha miaka kumi na minne. Akianza kueleza chanzo cha uhai, hata kengele haikumnyamazisha.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Célestine Nabintu, fundi cherehani, ambaye baada ya kumzaa binti yao aliitwa Mama Chloé. Vita viliwatoa Bukavu, na mwaka 2008 wakapanga nyumba ugenini, mtaa wa Rosettenville. Diploma yake haikutambuliwa, akawa mlinzi wa jengo. Hakulalamika, ila biolojia hakuitaja tena nyumbani.

Yafuatayo Célestine mwenyewe ameomba yasomwe. Alikuwa akinunua vitambaa karibu na mtaa wa Mayfair, kwa Mzee Gurdial Singh, Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Kila Jumamosi alirudi na habari: kwamba kwa imani yao, hapo mwanzo palikuwa na giza la enzi zisizohesabika, bila ardhi wala mbingu, ila amri ya Mungu tu, kisha kwake ikatoka hewa, hewani maji, na majini uhai. Ruphin alisikiliza, roho ikimchoma. Mke wa mwalimu wa biolojia, na mwanzo wa uhai anaenda kuuliza dukani! Akaanza kuchungulia simu ya mkewe. Akamzuia kwenda huko wiki tatu, akisingizia fujo za barabarani.

Mwishowe akaenda mwenyewe, na sare yake ya ulinzi, kumuumbua yule mzee.

“Ninyi mnasema dunia ilianza lini?”

Mzee Gurdial aliweka mkasi chini. “Kitabu chetu kinasema siku hiyo anaijua aliyeumba tu. Na sayansi yako, Mwalimu?”

“Nani kakwambia mimi mwalimu?”

“Mama Chloé. Kila akija anakutaja. Nilimwambia maswali haya akuulize wewe, akasema ukiulizwa unaumia.”

Ruphin alishusha sauti. “Uhai una karibu miaka bilioni nne,” akasema. “Ila namna kisicho hai kilivyopata uhai, nasi bado hatujui.”

Jioni ile aliketi kando ya cherehani. “Mama Chloé, nimekuonea wivu na mzee wa watu. Nisamehe. Sasa niulize mimi.”

Aliulizwa miaka kumi na moja. Wivu haukuisha wote: Mzee Gurdial akialikwa chakula, Ruphin alihakikisha yeye mwenyewe ameketi kati ya mgeni na mkewe.

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa. Wiki ya mwisho, mzee alikuja kumwona.

“Nikiondoka, asije akaanza tena kukuuliza wewe,” Ruphin akamwambia.

“Ataniuliza. Nami nitamjibu kama ulivyonifundisha: bado hatujui.”

Ruphin alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Célestine, watoto wawili, Chloé na Gradi, mjukuu mmoja, dada yake Mamie, aliyeko Bukavu, na rafiki yake, Gurdial Singh.

Mungu ampokee mwalimu wetu, ampumzishe kwa amani.