Mama Dionisi na Jua la Saa Saba

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Stefania Eustaki Ligongoli anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na miwili ya kukata na kushona katika Ushirika wetu wa Washonaji hapa Mlabani, Ifakara. Wengi mnamjua kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Dionisi. Sisi wa karakana tuna jina lingine, Mama Jua, ila hilo hakuna anayethubutu kulitamka akiwa karibu.

Jina hilo lilianza mwaka wake wa pili kazini, kwaya moja ya kigangoni ilipompa kazi ya sare za Krismasi. Naye, binti mwenye hamu ya kusifiwa, akachagua satini inayong'aa na kuiwekea bitana, kitambaa cha pili kwa ndani, mpaka mikononi ili nguo zikae vizuri. Zilikaa vizuri kweli. Kisha misa ikaanza, na Ifakara ya Desemba sote tunaijua. Wimbo wa Utukufu haujaisha, waimbaji wawili wa sauti ya pili walishatolewa nje wanapepewa kwa kanga. Stefania alikuwepo, akaona yote.

Alirudi kazini na sheria inayotutesa hadi leo. Nguo ya msimu wa joto haikabidhiwi kwa mteja mpaka mmoja wetu aivae saa saba mchana, atembee nayo hadi sokoni na kurudi. Ikinata mgongoni, inafumuliwa. Ikichora jasho kwapani, inafumuliwa. Ukinung'unika, unatumwa tena. Jamani, tulinung'unika sana! Adolf, fundi wetu wa mashati, aliwahi kukutana na wakwe zake pale sokoni akiwa kavaa shati la mteja lenye maua makubwa, pini za pindo zikiwa bado zimening'inia. Aliwaamkia shikamoo huku kashikilia pindo, pini zisimchome tumbo.

Lakini tazameni ilikotufikisha. Siku hizi wanaorudi likizo ya Desemba kutoka Dar na Dodoma wanapita kwetu kwanza, ndipo waende kwa mama zao. Wageni wanaofika Mang'ula kupanda milima wanaondoka na mashati yetu. Na lile gauni lake la pamba, lenye mikono mipana na mifuko miwili ya pembeni, asubuhi unaendea sokoni, jioni ukiongeza hereni tu unaingia nalo harusini na hakuna wa kukuuliza. Yeye ndiye aliyetufundisha kuloweka kitenge mpaka uwanga utoke kabla ya kukikata, na kukwepa bluu ya mpauko kwa kuwa inatangaza kila tone la jasho. Zaidi ya yote, alitufutia ile fikra kwamba nguo nyepesi ni nguo ya shida.

Muulizeni Mzee Mashimba, mfugaji wa Kisawasawa. Alipoozesha binti yake alitaka suti nzito yenye kizibao, maana yeye ndiye baba wa bibi harusi, na hakutaka kusikia habari nyingine. Mama Dionisi hakubishana naye. Alimvalisha suti ya mfano, akamwomba kwa heshima zote aende nayo sokoni. Mzee alirudi koti liko begani, kizibao mkononi, akauliza kuna kitu gani kingine. Siku ya harusi alivaa kaunda suti ya pamba, kola imesimama, suruali imeanguka vizuri, na wageni wakadhani ni kiongozi kutoka mkoani. Alituletea jogoo na wabeja nyingi, yaani asante za Kisukuma.

Sasa niseme lililotukaa moyoni. Mimi, Edna, ndiye ninayeachiwa meza ya kukatia. Miaka yote niliyofanya naye kazi, hakuna nguo yangu iliyopita kwake bila kufumuliwa mahali. Kwa hiyo tulimshonea gauni la kuagia kwa siri, tukijua kwamba akilikataa, basi tunabaki karakana yenye sheria yake lakini isiyo na mkono wake. Niliogopa, sifichi.

Jumanne wiki hii alilikuta limetundikwa. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono. Akalivaa, na saa saba akatoka. Tukasubiri arudi, avue, aanze kututajia kasoro. Saa nane hajarudi. Saa tisa Rabia wa vifungo akaanza kusema tumemuudhi. Adolf alikwenda kumtafuta, akaambiwa na wauza mboga kwamba kapita, kanunua dagaa, kaenda zake nyumbani.

Jioni alinipigia simu. Alikuwa bado amelivaa, anapika. Nikamuuliza mbona hakurudi. Akacheka, akasema, "Edna mwanangu, nguo isiyo na kasoro inarudia nini karakana?" Nililia pale pale, mbele ya watu.

Mama Dionisi, asante kwa kutuvalisha bonde letu zima na kutufanya tutembee ndani ya nguo zetu tukijidai. Ustaafu wako uwe wa raha, upate afya, na wajukuu wakuheshimu. Gauni ulilokuja nalo Jumanne asubuhi bado liko kwenye msumari, nyuma ya cherehani yako. Njoo ulichukue siku yoyote, ila usije saa saba. Saa hiyo tutakuwa juani.