Kokwa ya Pili ya Sururu

Pale Kanyenye, mbele ya duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie kwa mwanawe Mwanza, kuna benchi la mninga ambalo halitikisiki hata likikaliwa na watu sita wenye hoja. Alilichonga Anselm, fundi seremala, ndiyo maana kijiwe kizima kinamwita Mninga. Kahawa ni ya Mzee Abasi, mtu wa kofia safi na hasira za karibu, ambaye dele lake halipoi kuanzia adhuhuri mpaka adhana ya magharibi. Wateja wa kudumu ni wawili. Wa kwanza ni Shaban, mstaafu wa karakana ya reli, ambaye kila jambo la dunia hulipima kwa treni. Huyo ni Injini. Wa pili ni Lukumani, aliyefungua na kufunga geti la josho la ng'ombe kule Nzega kwa miaka mitatu, kisha akarudi mjini ni daktari kamili wa mifugo, kwa kujipa cheo mwenyewe. Huyo wanamwita Josho. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imechemka, mwaka ule wa sabini na tano, Anselm alipotokea mbio, penseli sikioni, rula ya kukunja mfukoni, na mtoto wa mbwa kwapani.

— Jamani, nisaidieni! Lori la Mwamko linaingia mjini alasiri, na huyu ana moja tu!

— Moja ya nini? akauliza Injini.

Anselm akamgeuza mbwa tumbo juu.

— Ebo! Mzee Abasi akalivuta dele lake kama mtu aliyeona moto. — Mninga, mwondoe huyo mbele ya kahawa yangu! Pua mbichi hiyo, na mimi nina udhu!

Basi ikapitishwa sheria palepale: mbwa akae mapajani kwa Anselm, mwisho kabisa wa benchi, na anayetaka kuchunguza achunguze kwa macho. Injini na Josho wakafunga mikono nyuma wakainama. 

— Moja, akasema Injini.

— Moja, akasema Josho, kwa sauti ya daktari.

Mambo yalikuwa hivi. Mwamko ni kijiji kipya cha ujamaa, nyumba mia na kitu zilizopangwa mistari miwili. Masika yaliyopita kichaa cha mbwa kilipita huko, na mbwa wote wa kijiji wakapigwa risasi, hakusazwa hata mmoja. Tangu siku ile nguruwe pori wakawa wanavuna mahindi ya shamba la pamoja kabla ya wenyewe. Kamati ikakaa, ikasikia kwamba Anselm seremala ana mbwa aliyezaa, ikamwandikia barua yenye mhuri. Anselm aliibeba barua ile mfukoni mwa shati kama hirizi.

— Isome tena, Injini. Labda kuna mwanya.

Injini akavaa miwani yake yenye mkono mmoja.

— "Ndugu Fundi. Kamati inaomba madume wanne waliokamilika maungo, kila mmoja akiwa na korodani zote mbili, kwa ajili ya kuanzisha uzao wa mbwa wa kijiji. Dume asiyekamilika hatapokelewa." Hapana mwanya hapo, Mninga. Wamesema zote mbili.

— Na mgawo? Soma mgawo.

— "Wa kwanza, Ndugu Mwenyekiti. Wa pili, Ndugu Katibu. Wa tatu, Ndugu Balozi wa nyumba kumi. Wa nne, Bibi Apolinaria Mahona."

Apolinaria ni dada yake Anselm, wa tumbo moja, mjane. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kwenye mstari, hatua chache na pori, na fisi walikwisha kuwala mbuzi wake wawili. Na aliyemshawishi ahamie huko ni nani kama si Anselm? Yeye ndiye aliyekwenda kumwambia, "Dada, hama kwa hiari, kule mtakuwa wengi, hutalala na hofu." Sasa dada analala na panga chini ya kitanda. Kila Anselm alipokumbuka maneno yake mwenyewe, alijisikia vibaya mpaka chakula kikamshinda. Kwa hiyo huyu wa nne, aliyempa jina la Sururu kwa jinsi alivyokuwa akichimba sakafu ya karakana, hakuwa mbwa tu. Alikuwa deni la maneno.

— Wengine watatu vipi? akauliza Josho.

— Wako kwenye tenga kule karakana, wamekamilika! Kila Jumamosi nimewapima, wiki nane. Nimeandika yote kwenye plaiwudi. Kifua inchi kumi na mbili, mguu wa mbele inchi sita, mkia sina lawama nao. Meno yametoka safi. Na kule nyuma, mbilimbili, zimeshuka tangu wiki ya sita. Huyu ndiye mwenye kifua kipana kuliko wote! Inchi kumi na tatu na nusu! Lakini kule nyuma...

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Josho akitikisa kichwa.

— Wacha uchuro! Sema, kuna dawa?

Josho akajikohoza, akanyoosha mkono wa kikombe, akajaziwa.

— Sikiliza. Hiyo ya pili ipo. Imepanda tumboni kwa sababu ya baridi. Kule joshoni tuliona ndama kumi wa namna hiyo. Mwezi huu wa saba upepo wa Tabora unakata. Yako ingeweza kukimbilia tumboni, isingekimbia?

— Sasa inashukaje?

— Joto! Msogeze kwenye jiko la Mzee Abasi.

— Akisogea, akasema Mzee Abasi, — nakumwagia wewe dele zima.

Injini alikuwa amekwisha chora reli mchangani kwa kijiti.

— Josho anachanganya mambo. Hili ni suala la usafiri. Treni mbili zimetoka Dar es Salaam. Moja imeingia stesheni ya Tabora, abiria wameshuka, wamekunywa chai. Ya pili imekwama Itigi. Je, utasema treni haipo?

— Sitasema, akakubali Anselm, matumaini yakianza kumpanda.

— Ipo! Ipo njiani! Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwambie katibu: kokwa ya pili imechelewa, haijafutwa.

— Itachelewa mpaka lini?

— Hilo waulize wa Itigi.

— Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako! akadakia Josho, akapiga goti lake kwa furaha, maana methali ilikuwa imemtoka yenyewe na hakujua imeangukia wapi.

Anselm akamshika Sururu kwa vidole vya fundi, taratibu, akapapasa kinenani kama anavyotafuta msumari uliozama kwenye ubao.

— Kushoto zaidi, akaelekeza Injini, mikono nyuma.

— Kulia! Josho akapinga. — Huyo yuko tumbo juu, kushoto kwako ni kulia kwake!

— Ngojeni... ngojeni... Nimeipata!

Wote wakaruka. Hata Mzee Abasi akanyoosha shingo.

— Ipo? Ipo?

— Lo. Ni kupe.

Kupe akatupwa, majonzi yakatanda. Ndipo Mzee Abasi, ambaye alikuwa ameapa asiliingilie shauri la mbwa, akashindwa kuvumilia.

— Nyinyi watoto hamjui kitu. Babu yangu mzaa baba alitembea na misafara ya pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Kulikuwa na mpagazi mmoja, Mnyamwezi wa Unyanyembe hapa, mwenye mbwa. Mbwa mwenyewe, moja tu! Kila kambi waliyolala, wakirudi baada ya miezi wanakuta watoto kumi, rangi yake, masikio yake. Mbwa wote mnaowaona njia ile ni wajukuu wa moja!

— Wote? Anselm akashangaa.

— Wote! Haba na haba hujaza kibaba.

— Mzee, akasema Injini, — si babu yako alikuwa mtu wa dini? Alimgusaje huyo mbwa?

— Hakumgusa. Alihesabu tu.

— Kwa mwendo ule wa kilomita elfu na zaidi?

— Wewe, injini ya silinda moja haivuti?

Hapo Injini akasimama wima. Hoja ilikuwa imeingia nyumbani kwake.

— Inavuta! Wallahi inavuta! Ile ya kiberenge cha kukagulia reli ilikuwa silinda moja, na ilipanda Saranda bila kusukumwa! Tena mwenye moja hagawi nguvu. Zote zinakaa mahali pamoja. Hao wenye mbili ndio dhaifu, Mninga. Kamati imekosea hesabu!

— Basi niwaambie wasiwachukue wale watatu? akauliza Anselm, ambaye sasa kichwa kilikuwa kinamzunguka.

— Usiwaambie kitu, akasema Josho. — Kamati haikosei, inasahihishwa. Sisi tuwape wanachotaka. Wamesema mbili? Wapate mbili. Mninga, kazi yako nini?

— Seremala.

— Basi chonga!

Kijiwe kikalipuka.

— Chonga ya mninga! akapiga kelele Injini. — Mninga hauozi!

— Mchwa hawaugusi! akaongeza Mzee Abasi, kikombe kikimwagika.

— Unaibandika kwa gundi ya ng'ombe, katibu anapapasa, moja, mbili, anapiga mhuri! Akija kugundua, mbwa amekua, nguruwe wamekimbia, nani atakumbuka? akamalizia Josho.

Mtu asicheke. Mtu aliyekosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya dada yake hupokea ushauri wowote. Anselm aliitoa rula, akaikunjua, akapima ile moja iliyokuwepo. Robo tatu ya inchi. Akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye kiganja. Alikuwa anafikiria tupa ipi ingefaa pale aliposikia sauti nyuma yake.

— Anselm, unampima nini huyo mbwa?

Akageuka. Apolinaria alikuwa amesimama barabarani, vumbi la lori mpaka kwenye nyusi, kanga kiunoni, kikapu kitupu mkononi.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Shikamoo, Mzee Abasi. Hamjambo, kaka zangu?

— Hatujambo, mayu, akasema Josho, akilikimbilia neno la Kinyamwezi la kumheshimu mama, kisha akaongeza salamu. — Mwadila. Karibu kahawa.

— Nashukuru. Katibu yuko sokoni anapakia saruji, kanituma nichukue mbwa. Wako wapi?

Anselm akasimama, Sururu kifuani. Maneno yalikuwa mengi, akachagua ya kweli.

— Watatu wako karakana, dada. Huyu wa nne ndiye wako. Lakini hajakamilika. Ana kokwa moja. Barua imesema mbili. Katibu hatampokea, na wewe... Mimi ndiye niliyekupeleka kule, dada. Nisamehe.

Apolinaria akamwangalia mdogo wake, akamwangalia mbwa. Akamchukua, akamfungua mdomo akaona meno, akamkandamiza mabega, akamweka chini. Sururu akaanza palepale kuchimba chini ya mguu wa benchi.

— Mbili za nini?

— Za uzao! wakajibu watatu kwa pamoja, na Injini akaanza kueleza habari ya Itigi, Josho akaingilia na baridi, Mzee Abasi akawa tayari amefika Ujiji. Apolinaria akawasikiliza wote kwa adabu mpaka pumzi zikawaishia.

— Nimewaelewa. Mnataka mbwa wazaliane kijijini.

— Hasa!

— Na wote wanne ni madume.

— Madume watupu, mayu! Mbegu safi!

— Na kwetu hakubaki mbwa hata mmoja. Nilikuwepo walipopigwa risasi.

— Ndiyo.

— Sasa watazaa na nani?

Injini akaufuta kwa mguu ule mchoro wake wa reli mchangani. Josho akainamia kikombe chake kama anayetafuta kitu kilichodondokea humo. Mzee Abasi akachukua kitambaa akaanza kulifuta dele lililokuwa safi.

— Anselm, akasema Apolinaria polepole. — Mama yao alizaa wangapi?

— Sita, dada.

— Wawili wako wapi?

Anselm alihisi masikio yakiwaka moto. Majike wawili, wazuri, wenye miguu imara kuliko kaka zao. Hakuwapima hata Jumamosi moja. Barua haikuwataja.

— Nilimpa dereva mmoja wa lori, wiki iliyopita. Wako Nzega.

— Nzega!

Apolinaria akajishika kiuno. Kicheko kilianza mabegani, kikashuka tumboni, kikamtoka kwa nguvu mpaka akalazimika kuketi kwenye benchi, katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya pale, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Anselm alikuwa hajamsikia dada yake akicheka hivyo tangu msiba wa shemeji. Kifua chake kikafunguka, naye akacheka, machozi yakimtoka, na hakujua ni ya aibu au ya furaha.

Apolinaria akajifuta macho kwa pindo la kanga. Akainama, akamwinua Sururu, mchanga puani, akamtia kikapuni.

— Huyu nimempokea mimi. Mwenye mbili na mwenye moja, kule kwetu kazi ni moja: kubweka. Hiyo nyingine hakuna atakayeifanya, awe wa mwenyekiti, awe wangu.

— Na katibu akimpapasa? akauliza Anselm.

— Akimpapasa nitamwuliza nilichowauliza nyinyi.

Akaaga, akashika njia ya karakana kuwachukua wale watatu, kikapu kichwani, na kutoka kikapuni kikasikika kibweko kimoja kikali.