Koti la Methusela

Sogeeni wanangu, na wewe Maiko zima hiyo redio, maana sauti yangu imebaki kidogo na habari hii sitaisema mara mbili. Mzee Kasimu, mwenyekiti wetu, nimekuita ukae hapo mlangoni usikie, ili kesho asitokee mtu akasema Emerensiana alikufa akiweweseka. Mwili umechoka, lakini akili ninayo, na hasira ninayo.

Dada yenu Evaline mlimzika harakaharaka, na pale kaburini niliwasikia mkinong'ona kwamba tamaa ndiyo iliyomuua. Tamaa gani? Mume wake alipofariki, shemeji zake walitaka mmoja wao amrithi, akakataa, wakamnyang'anya majaruba ya mpunga aliyoyalima mwenyewe, wakamtoa yeye na watoto na sufuria zake. Akarudi hapa. Nyie mkamwambia mwanamke akishaolewa hana shamba kwao, na wewe Anselmo ulilisema hilo huku unakula ugali aliousonga yeye. Basi akaenda Karema kuchuuza dagaa, na kule mitumbwi ikifika dagaa hawatoshi, anapimiwa kwanza yule aliyekubali kulala na mwenye mtumbwi, na asiyekubali anarudi na beseni tupu kwa watoto wenye njaa. Aliniambia mwenyewe, akilia. Alipokonda mkakimbilia kwa mganga, mganga akawatajia jirani zetu Wasukuma, mkaacha hata kuwasalimia. Jirani hakumloga mtu. Mlimmaliza nyie na wale shemeji zake, siku mlipomkosesha pa kulima.

Halafu wakaja wale wa gari la kipaza sauti kutoka Mpanda, wakatuambia Ukimwi unaua, kila mtu atulie na mmoja. Maneno mazuri. Lakini mimi moyo uliniwaka, maana aliyenyang'anywa shamba atulie ale nini? Hilo hakuna aliyeliuliza, na wanaume wote wa hapa Usevya mlipiga makofi.

Sasa Methusela naye, kitindamimba wangu, ametangulia, amekonda vilevile, na matanga hayajaisha namwona Anselmo amevaa koti lake. Msidhani nimesahau maana yake. Katika ukoo wenu anayevaa koti la marehemu ndiye anayemrithi mjane, na Prisila ameshaambiwa akikataa afungashe vyake. Anselmo, baba, una mke, na Monika ana mimba. Kama Methusela alimwachia Prisila ugonjwa huo, utautoa kule na kumpelekea Monika humo humo ndani. Na Prisila mkimfukuza, njia iliyobaki ni ile ile ya Karema. Nyumba moja mnataka izike wangapi?

Basi lishikeni neno langu. Majaruba ya kule bondeni si ya ukoo wenu. Tuliyafyeka mimi na mama yangu kabla baba yenu hajanioa, na baba yenu alilijua hilo mpaka anakufa. Evaline mlinizuia kumpa, sasa nampa Prisila. Akiolewa tena ni yake, asipoolewa ni yake, na watoto wa Evaline watakula humo humo. Ng'ombe na nyumba hii gawaneni nyie wawili, sitaki ugomvi. Mzee Kasimu, umesikia. Atakayemsumbua mkwe wangu kwa ajili ya ardhi hiyo, radhi yangu hana, na asije kulia juu ya kaburi langu.

Prisila, mwanangu, nyamaza. Mvua zikikatika nenda Mpanda hospitali wakupime damu, na Maiko atakusindikiza. Wakikuambia unao, usijifiche. Kula, lima, lea watoto. Si aibu yako.

Nipeni maji... Inatosha.

Mungu awatunze wote. Maiko, uzeeke. Monika, ujifungue salama, na huyo mtoto akiwa wa kike mpeni na yeye pa kulima. Anselmo, wewe ndiye ulinifanya niitwe mama, ndiyo maana nakukaripia mbele za watu. Vua hilo koti. Vua nikuone...

Ahsante, baba. Hapana, usilitundike msumarini, atakuja kulivaa mwingine. Lilete huku. Nifunike nalo, nasikia baridi... Na mtakaponizika, msilitoe.