Skafu za Zambarau

Wamama wa Lindi, mko salama? Na nyinyi wa Kawangware mliokuja kututembelea, karibuni. Mwenyekiti wa ushirika wetu ameniambia niseme vile Mungu alinitoa mbali, halafu akaninong'oneza nimalizie na msamaha. Tutaona.

Mnanijua. Mimi ni yule msusi, na yule mama anayetuuzia omena, vile visamaki vikavu, aliyekaa pale nyuma, ndiye amenizaa. Nilipoingia chuo mlinipikia hapa hapa. Basi mwaka wa pili, mhadhiri mmoja akaficha maksi zangu. Jina lake silitaji, halistahili mdomo wangu. Mtihani nilifanya, lakini kwake maksi zimepotea, na ili zipatikane eti niende kwake nyumbani, peke yangu. Akanipa na skafu ya zambarau. "Nilipoiona nikakuwaza wewe tu," akasema.

Ndugu zangu, sikwenda. Na bila hizo maksi simalizi chuo. Nikafungasha nikarudi nyumbani, nikamwambia mama nimechoka na masomo. Niliona haya, kama vile mimi ndiye mkosaji.

Siku niliyoenda kurudisha vitabu vya maktaba, msichana mmoja akaniomba nimsuke. Akanipeleka chumba cha wanawake, kachumba kalikokuwa stoo, kochi bovu na birika. Mwanaume haingii. Nikatoa ile skafu kwa mkoba nimfunge nywele za upande. Akaishika, halafu akaniuliza, "Hii umepewa na nani?"

Mwenzake aliyekuwa akichemsha chai akageuka. "Ya zambarau? Hata mimi niko nayo."

Kumbe yule mzee mhadhiri alikuwa amenunua zote rangi moja. Bahili hadi kwa dhambi. Nililia pale, wamama, halafu nikacheka kicheko kibaya.

Tukatafuta wengine. Siku ya somo lake tukakaa safu ya mbele, kila mmoja na skafu yake kichwani. Akaingia, akasalimia, akatuona. Akaanza kutafuta miwani na iko usoni. Nilimwangalia vile alikuwa akiniangalia mimi, na nawaambia ukweli, nilisikia raha. Tukatoka pamoja hivyo hivyo hadi kwa mkuu wa chuo. Aliitwa ajieleze mbele ya skafu zote. Maksi zangu zikapatikana, nikarudi masomoni, na yeye akafutwa kazi.

Nawashukuru wale wasichana, na mama, ambaye hakunifukuza niliporudi na mabegi. Na wewe unayepeleka binti chuo, mwambie aulize chumba cha wanawake kiko wapi kabla hajauliza maktaba. Kama hakuna, yeye na wenzake wadai wapewe. Mimi peke yangu na ile skafu nilikuwa nimeshamaliza kufungasha.

Sasa msamaha. Mwenyekiti, bado. Mkuu wa chuo alituuliza tunataka nini kingine, tukamwambia stoo ni ndogo, tunataka ofisi ya yule mzee. Tukapewa. Birika liko juu ya meza yake. Kile kiti chake cha kuzunguka ndicho nakalisha watu nikiwasuka, na nikimaliza nakipanguza na skafu ya zambarau.