Mama Sindano na Kadi Iliyonasa

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi jioni, dada yetu wa Kona ya Neno Refu atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Amelitumikia gazeti hili miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo ameomba ruhusa mara chache kuliko lifti yetu.

Kwa wafanyakazi wapya: kila siku, chini ya ukurasa wa kumi na nne, kona hiyo hutoa herufi tatu. Msomaji hutafuta neno refu kuliko yote la Kiingereza lenye herufi hizo, kwa mpangilio wowote, na jibu hutoka kesho yake. Mchezo wa watoto? Jaribu. Watu wenye shahada mbili ukutani wameshindwa, na wapishi wa shule wameshinda.

Alipoanza hapakuwa na kompyuta katika jengo hili. Alikuwa karani wa matangazo ya vifo, akapewa kona hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Akajitengenezea njia yake. Kila neno lina kadi, na ukingo wa juu wa kila kadi una matundu ishirini na sita, moja kwa kila herufi. Neno likiwa na J, alikata kwa mkasi kutoka tundu la J hadi ukingoni. Akitaka maneno yenye J, hupitisha sindano ya kufumia sweta katika matundu ya J ya fungu zima, huinua, hutikisa. Zenye J huanguka mezani, zisizo nayo hubaki zikining'inia. Zilizoanguka huzifanyia vivyo hivyo kwa herufi ya pili, kisha ya tatu, mpaka zibaki kadi chache, na mojawapo ndiyo ndefu. Kadi elfu kumi na moja na mia nne, masanduku kumi na tisa. Nyingi alizikatia nyumbani. Mumewe, fundi umeme mstaafu, anasema amezoea kula sahani ikiwa magotini, maana meza ina wenyewe.

Ndiyo asili ya jina Mama Sindano. Mgeni mmoja alilisikia mapokezini, akapanda ghorofa ya pili akiwa amekunja mkono wa shati, akauliza chanjo inauma kiasi gani. "Inategemea, baba," akajibiwa. "Unajua neno refu lenye Q na Z?" Bwana yule alikaa saa nzima. Wiki iliyofuata alirudi na neno.

Hilo ndilo wakubwa wetu hawakulielewa. Nyuma ya kila kadi ya neno lililoletwa na msomaji imeandikwa kazi ya msomaji huyo: mkunga, dereva wa lori, mlinzi wa benki. Masanduku yale yalijazwa na umma, si na mtu mmoja.

Sasa niseme ninalopaswa kusema. Walioniomba ukurasa mchangamfu wanisamehe.

Miaka kumi na tisa iliyopita mama yake aliugua, akaomba wiki mbili za kumuuguza. Mimi, mwandishi wa safu ya hoja, nilijitolea kumshikia kona. Aliniachia sindano na agizo moja: "Mdogo wangu, tikisa mara mbili. Kadi hunasa." Nikamwambia nimetikisa vigogo, sitashindwa na karatasi. Siku ya nne herufi zilikuwa J, V na B. Nilitikisa mara moja, nikachapisha subjectivity, herufi kumi na mbili. Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa akituandikia kila wiki kwa miaka kumi na moja, akaleta subjectiveness, herufi kumi na nne. Nilimjibu gazetini kwamba neno hilo halipo, na kwamba ashone nguo, maneno awaachie wenyewe. Neno lilikuwamo kwenye kamusi. Kadi yake ilikuwamo kwenye sanduku la nane. Ilikuwa imenasa kwenye sindano.

Mama Sindano aliporudi aliliona kosa kabla hajavua koti. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulitikisa mara ngapi?" Kesho yake ikatoka radhi ya mistari mitatu, kwa jina lake, si langu. "Kona ni yangu," alisema. "Fundi anasubiri radhi, hasubiri kesi."

Fundi hakuandika tena.

Mwaka jana meneja aliitisha kikao kuhusu kona hiyo. Mama Sindano alikuwa ameomba jambo moja tu: apewe mtu wa kumrithisha kazi kabla ya kustaafu. Meneja alitaka programu ya kompyuta, na akaja na ushahidi mmoja: kipande cha gazeti chenye ile radhi. "Mkono hukosea," alisema, "na hapa mwenyewe amekiri." Programu hiyo hutoa jibu kabla hujamaliza kupiga chafya, na haikosei. Hilo silibishi. Nililopaswa kubisha ni ule ushahidi. Mimi ninayegombana na mawaziri kila Jumatano, siku hiyo nilitazama kikombe changu cha chai. Mama Sindano alinitazama mara moja, akaangalia dirishani. Kura zikapigwa, programu ikashinda. Hakuna mrithi.

Jumatatu nilishuka stoo, masanduku yanakosubiri kubebwa. Nikapitisha sindano: J, V, B. Mara ya kwanza ile kadi ilinasa tena. Mara ya pili ikaanguka. Nyuma yake, kwa penseli: "Fundi cherehani. Alikuwa sahihi." Kuhusu mimi, hapakuwa na hata herufi moja. Nimeongeza chini yake kwa wino: "Aliyekosea ni mwandishi wa safu ya hoja. Alitikisa mara moja." Jumatano hii maneno hayohayo yatatoka kwenye safu yangu. Meneja ameshapata nakala.

Najua radhi hii haitairudisha kona, wala fundi.

Dada, asante kwa miaka yako, na kwa mgongo wako uliobeba mzigo usio wako. Sisi sote tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na meza iliyo tupu, ili shemeji naye ale kama watu. Sindano nimeifuta vumbi, iko ndani ya droo yako. Usituachie. Hatukuistahili.