Jina la Mwenye Mali

Benchi la Joyline, muuza kahawa wa mtaa wa West Indies, ni la chuma, na miguu yake imemwagiwa simiti kwa sababu lile la mbao lililotangulia liliibwa likiwa bado na joto la waliolikalia. Hili lilichomelewa na Mabonga, ambaye karakana yake ya milango iko ng'ambo ya barabara. Jumamosi hiyo alikuwa amelikalia kwa raha ya kuagana nalo, maana Jumanne angepanda ndege kwenda Kanada kuchomelea maghala ya ngano. Kulia kwake alikuwa Mzee Irungu, anayeitwa Mzee Title kwa kuwa hutembea na hati ya shamba lake la huko Soy ndani ya koti. Hamwamini hata mtoto wake wa kumzaa kuitunza. Kushoto alikuwa Wanyama, fundi wa dishi za televisheni, jina la mtaani Satelaiti. Na kwenye ncha ya benchi, na furushi lake la mitumba miguuni, alikuwa Cate, ambaye wote humwita Hansard, kwa sababu kila neno linalosemwa hapo hulitunza kichwani pamoja na tarehe yake, kama waandishi wa bunge. Joyline alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi na, kama kawaida yake, hakuwa na la kusema.

— Wamenitumia fomu, — Mabonga akaanza. — Mhasibu wa kampuni ya huko. Anataka niandike kila kitu niko nacho siku nitaingia nchi yao. Shamba, gari, akiba. Na hizi sarafu za mtandao. Amezitaja kabisa.

Vikombe vitatu vikasimama hewani.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa miaka miwili watu hao walikuwa wakichanga mia mbili kila Jumamosi, na Satelaiti ndiye aliyewashawishi wanunue bitcoin badala ya mbuzi, kwa sababu mbuzi hufa. Akaunti ilihitaji kitambulisho na nambari ya kodi ya mtu mmoja. Mzee Title alikataa kutoa yake. Satelaiti alikataa simu impige picha ya uso. Cate akasema nambari yake imelala na hataki iamshwe. Basi Mabonga akatoa kitambulisho chake bila maneno mengi. Ndiyo maana sarafu zote za benchi zilikuwa kwa jina lake, na sasa jina lenyewe lilikuwa linasafiri.

— Mimi niliwaambia, — Mzee Title akasema, ingawa hakuwa amewaambia. — Mzungu akikuuliza uko na nini, hakuulizi kwa mapenzi. Hata hapa walianza kwa kuhesabu ng'ombe. Ng'ombe ikaisha kuhesabiwa, ikaenda.

— Mzee, hii ni fomu ya kodi tu.

— Fomu ni nini? Ni ule mnyororo wa kupima shamba. Sema siku hizi umekuwa wa karatasi.

Satelaiti alitazama juu, akatazama nyuma, kisha akaisukuma simu yake ndani ya kikapu cha mandazi na kukifunika. Joyline akaitoa, akaipangusa mafuta, akamrudishia.

— Ongeeni chini, — Satelaiti akanong'ona. — Hii kitu inaskia. Maze Mabonga, kwani hujui pale airport kuna mashine? Unapita hivi, inakusoma kichwa. Yale maneno kumi na mbili ya kufungua akaunti, si umeyashika kwa akili? Yanatokea kwa skrini moja baada ya lingine. Afisa anayasoma tu kama menyu ya hoteli.

— Sasa nifanye aje?

— Usiende nayo. Yaandike, uniachie mimi.

Cate akacheka kwa pua.

— Aha. Akuachie wewe.

— Kwani mimi ni mwizi?

— Sijasema. Nimesema aha.

Mabonga akanywa kahawa ili apate pa kuficha macho. Alikuwa ameshaliwaza jambo hilo kwa wiki nzima na hakuona sababu ya kelele.

— Basi tuuze leo, — akasema. — Kila mtu achukue yake, mimi niende mikono mitupu.

— Saa hii bei iko chini! — Satelaiti akaruka. — Unataka tuchomeke?

— Na zinaingia kwa simu ya nani? — Mzee Title akadakia. — Zikiingia kwa yangu, kesho naulizwa, Mzee, hii pesa umetoa wapi? Niseme nini? Apana. Mimi simo. Mimi hapa nakunywa kahawa tu.

— Mzee Title, saa tisa na robo, anakunywa kahawa tu, — Cate akanakili kwa mdomo.

— Weka hivyo hivyo.

— Na wewe Satelaiti? — Mabonga akauliza. — Uko ndani ama hauko?

— Mimi ni mshauri. Mshauri anashauri, anaenda nyumbani.

— Saa tisa na robo, mshauri, — Cate akasema. — Na mimi Cate nilichanga kwa sababu ya urafiki, haki ya Mungu. Hata hiyo bitcoin sijui inakaa aje. Hiyo pia imeingia.

Iliuma. Mabonga hakutarajia aimbiwe wimbo, lakini alitarajia mtu mmoja aseme, tunakujua, nenda salama, tutaongea kwa simu. Badala yake walikuwa wakimtazama mfukoni. Na kilichomnyima nafasi ya kuwalaumu ni kwamba juzi, akipakia begi, wazo lilimpitia kwamba akinyamaza kule Kanada hakuna atakayemfuata. Alilifukuza papo hapo, lakini aibu yake ilibaki. Akatamani fomu hiyo isingekuja kabisa.

— Andika hapana, — Cate akamshauri. — Wanauliza uko na hizo sarafu? Hapana. Kwisha.

— Niende kwa watu wananipa kazi, na siku ya kwanza nianze na uongo? Wakigundua watanirudisha na helmeti yangu ya kuchomelea kichwani.

— Basi usiseme hapana, — Mzee Title akasema, na macho yake yakang'aa kwa njia iliyomtia Mabonga wasiwasi. — Sema ndiyo, lakini ni za mtu mwingine. Mtu ambaye hawezi kusumbuliwa.

— Nani huyo?

— Kipyego.

Kipyego alikuwa akiketi pale pale anapoketi Cate sasa. Walimzika mwaka uliopita huko Kesses, mvua ikiwanyeshea wote.

— Mzee! — Mabonga akasema. — Kipyego ni marehemu.

— Ndiyo maana. Wamtafute. Wamtumie barua.

— Hiyo ni akili, — Satelaiti akasema polepole. — Maze, hiyo ni akili kabisa. Sirkal hailipishi kaburi kodi.

— Na bibi yake akija kudai? — Cate akauliza. — Si itakuwa ni urithi? Kwanza mlijua aje hakuwa anawajua hao watu wa bitcoin? Kipyego alikuwa na siri. Alinunua kofia tatu kwangu mwezi mmoja.

— Kofia tatu za nini?

— Nauliza pia mimi.

Kwa dakika nzima benchi lilimshuku marehemu. Mabonga akaweka kikombe chini kwa kishindo.

— Kipyego alikuwa mtu mzuri. Mwacheni apumzike.

Hapo ndipo alipovuka barabara msichana mwembamba mwenye karatasi mkononi. Alikuwa Nyaguthii, aliyefungua saiba, duka la kompyuta na kuchapisha karatasi, pale kona wiki iliyopita, na hakuna aliyemjua vizuri bado. Akawasalimia wote, akaomba kahawa, akabaki amesimama.

— Nimeleta ile fomu uliniambia nichapishe, — akamwambia Mabonga.

— Umeisoma? — Mzee Title akauliza.

— Mzee, kazi yangu ni kuzijaza.

— Nani amekutuma?

— Yeye. Amelipa shilingi ishirini.

Akaikunjua fomu juu ya kikapu cha mandazi na kuionyesha kwa kidole.

— Kuandika si kulipa, Mzee. Wanataka kujua hizi sarafu zilikuwa za bei gani siku anaingia, ndio zikipanda baadaye wajue ni kiasi gani kilipandia kwao. Na hata hapa nyumbani ajaze ripoti yake ya kodi ya mwaka kabla hajaenda, kwa sababu akihama, nambari yake haihami yenyewe. Hiyo tu. Imebaki mstari mmoja. Jina la mwenye mali. Niandike nani?

Lori la mahindi lilipita.

— Akaunti iko kwa jina langu, — Mabonga akasema hatimaye. — Lakini si zangu peke yangu.

— Sawa. Ni za nani wengine?

Mzee Title akachunguza masalio ya kahawa kwenye kikombe chake. Satelaiti akaangalia paa la jirani kama anayetafuta pa kuweka dishi. Cate akakunja sweta iliyokuwa imeshakunjwa.

— Kama hakuna mwingine naandika wewe, — Nyaguthii akasema. — Ukiweka sahihi, kwa karatasi ni zako zote.

— Andika na Joyline Jelimo.

Wote wakageuka. Joyline alikuwa akisuuza kikombe, na hakuacha kusuuza.

— Nimempa Mabonga hamsini kila Jumamosi, — akasema. — Nikiulizwa nilitoa wapi, nitasema kwa kahawa.

Akaitaja nambari ya kitambulisho chake bila kukosea. Mabonga alikuwa amezisahau hizo hamsini zake, na aliona haya, na alifurahi mno. Nyaguthii akaandika majina mawili kwa herufi kubwa.

— Basi wenye mali ni wawili.

— Wawili? — Mzee Title akasema. — Yaani zote? Hata zile za... za Jumamosi zote hizo?

— Karatasi itasema hivyo, Mzee.

Mkono wa mzee ukaenda wenyewe ndani ya koti, ukaigusa hati ya shamba, ukabaki hapo. Joyline akainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe cha Nyaguthii. Yakatoka matone, kisha pumzi tupu.

— Hansard, — Mzee Title akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. — Saa ile, saa tisa na robo. Mimi nilisema nini?

Cate akaitazama kalamu mkononi mwa Nyaguthii. Akamtazama Mabonga. Miaka yote ya benchi hilo hakuwahi kukosa jibu.

— Sikumbuki, Mzee, — akasema. — Ukishaandika jina lako na hiyo kalamu, unipatie.